Mzizi wa jino uliopinda: maswali mnayoniuliza kila siku

Nafanya kazi ya meno hapa Dar, mwaka wa kumi na kitu sasa, na haipiti wiki bila mtu kuangalia eksirei yake alafu akaniuliza "Dokta, mbona mzizi wangu umejikunja hivi, ni ugonjwa?" Nimechoka kujibu kwa voisi noti saa tano usiku, kwahiyo nimeyakusanya hapa, mengine nimeyaacha kama mlivyoyaandika wenyewe. Ruka lile usilolihitaji.

Mzizi uliopinda ni kitu gani hasa?

Jino unaloliona kwenye kioo ni sehemu ndogo tu, ni kama muhogo, majani yako juu mali iko chini. Mzizi wa kawaida unakwenda karibu moja kwa moja ndani ya mfupa wa taya, na ncha yake kujipinda kidogo ni kawaida kabisa, mzizi ulionyooka kama rula mi nauona kwa nadra sana. Tunaanza kusema umepinda isivyo kawaida pale ambapo unakwenda vizuri alafu ghafla unakata kona. Kona yenyewe inaweza kuwa karibu na shingo ya jino, katikati, au kule kwenye ncha, na mara chache kichwa cha jino ndo kinakuwa kimeegemea upande mmoja na mzizi upande mwingine, kama kofia iliyovaliwa vibaya.

Kitaalamu inaitwa dilaseresheni. Jina alilitumia kwanza Mwingereza John Tomes mwaka 1848, limetoka kwenye Kilatini na maana yake ni kuchanachana, jina ambalo mi sijawahi kulipenda maana hapo hakuna kilichochanika.

Nina jino la hivyo, je ni ugonjwa? Naumwa?

Hapana. Ni umbo tu, kama mtu alivyo na kidole cha mguu kilichojikunja. Jino linaweza kukaa hivyohivyo miaka sitini unatafunia nyama na hujui. Halioti usaha kwa sababu limepinda, halitoi harufu kwa sababu limepinda. Ukiwa na maumivu tafuta sababu nyingine: limetoboka, fizi imeoza, limepasuka. Kupinda kunakuwa habari siku mtu anapotaka kuingia ndani ya huo mzizi, au kuutoa, au kuusogeza.

Nipe namba basi, ni watu wangapi wanayo?

Hapa ndo penye utata, na ndo mana ukigugo unakuta namba zinapigana ngumi, huyu anasema asilimia moja yule anasema karibu wote. Ukikutana na namba yoyote uliza vitu viwili kwanza: aliyehesabu, kwake mzizi uliopinda ni upi, na alihesabu meno au alihesabu watu.

Chukua Yordani. Mwaka 2002 watafiti wa kule walitoa hesabu yao ya watu wazima, walipitia kwenye picha meno 4,655 wakaweka sharti kali, mzizi uwe umekata kona ya nyuzi 90 au zaidi, yaani kama herufi L, chini ya hapo hauhesabiki. Yaliyopita mtihani huo ni meno 176. Ukigawa unapata kama meno 4 kwa kila 100, kidogo, si ndiyo? Sasa acha meno hesabu watu: karibu watu 17 kwa kila 100 walikuwa na angalau jino moja la hivyo. Utafiti uleule, picha zilezile, na mtu akitaka kukutisha atakupa 17, akitaka kukutuliza atakupa 4, na wote wawili wanasema kweli. Sababu ni nyepesi, mdomoni kuna meno mengi, kila jino lina nafasi yake ndogo ya kupinda, ukizijumlisha kwa mtu mmoja zinakuwa nafasi kubwa. Ni kama kuvuka barabara moja ya Kariakoo na kuvuka thelathini.

Alafu legeza sharti uone vituko. Mwaka 1983 kuna mtafiti alipima meno ya mbele ya juu, yale madogo ya pembeni yanayofuatana na mawili makubwa ya katikati, yeye akasema kona ya nyuzi 20 inatosha. Karibu yote yakaonekana yamepinda! Sasa kitu walichonacho karibu wote kweli utakiita si cha kawaida? Mi nadhani hapana, lile jino ndivyo lilivyo, ncha yake inapenda kugeukia nyuma na ndani, na daktari asiyelijua hilo atalijua kwa shida.

Kwahiyo mtu akinishika njiani anataka jibu la haraka namwambia hivi: kona kali kabisa, kwa wanaokuja kliniki, karibu mtu mmoja kati ya sita. Kona ndogondogo, jihesabu na wewe umo.

Jino gani linaongoza?

Gego la mwisho la chini, lile mnaloliita jino la akili. Hakuna mjadala. Kwenye ile hesabu ya Yordani yalikuwa kama 19 kwa kila 100, na Kroatia mwaka 2006 walipoangalia picha za panorama, zile za mdomo mzima, wakapata kama 24 kwa kila 100, kwa sharti lilelile la nyuzi 90. Fikiria, jino moja kati ya manne au matano. Nyuma yake kwa mbali yanafuata magego mengine ya chini. Meno ya mbele ni machache mno, lakini yakipinda ndo yanaleta kilio maana yanaonekana, na mara nyingi nyuma yake kuna hadithi ya mtoto kuanguka, nitaifikia.

Kwa nini gego la mwisho? Linachelewa. Magego mengine yanajenga mizizi ukiwa mtoto, taya bado linakua na nafasi ipo, hili linamalizia mzizi wake ukiwa na miaka 18 mpaka 25 hivi, taya limeshagoma kukua, mbele kuna jirani amekaa, chini kuna mfupa mgumu na mfereji wa mshipa wa fahamu. Ni kama mti uliopandwa mwisho kwenye kiwanja ambacho nyumba zimeshajengwa, mizizi itapita inapopata.

Wanaume na wanawake nani zaidi?

Tafiti nyingi hazijaona tofauti ya maana. Tuendelee.

Kwa hiyo hizo asilimia ni za watu wote wa mtaani?

Hapana, na swali hili nalipenda maana wachache wanaliuliza. Karibu hesabu zote zimetoka kwenye picha za watu waliokuja kwa daktari wa meno, na mtu hapigwi eksirei kwa sababu anapita tu nje ya hospitali, anapigwa kwa sababu ana shida: jino linauma, gego la mwisho limekwama, anataka waya za kunyoosha meno. Ukihesabia hapo ni kama kuhesabu magari mabovu ukiwa umekaa gereji. Mizizi iliyopinda mitaani ipo, ila kuichukua namba ya kliniki ukaibandika kwa nchi nzima si haki.

Na kuna jambo la pili linalovuta upande mwingine. Eksirei ya kawaida ni bapa, inaona kushoto na kulia tu. Mzizi ukipinda kwenda mbele au nyuma ya taya unauona vizuri kama ndoana, lakini ukipinda kuelekea shavuni au kuelekea ulimini, kwenye picha unauona umenyooka kabisa, kama mtu anayekuja usoni kwako, hujui amebeba nini mgongoni. Dalili pekee ni ncha kuonekana kama duara jeupe lenye kitone cheusi katikati, jicho la samaki aliyekaangwa, mi huwa nawaambia wanafunzi. Ukilikosa hilo jicho umeukosa mzizi. Kwahiyo mingine inapita bila kuhesabiwa, na picha ya 3D inayoitwa CBCT ndo inaifichua.

Nilikuwa nafungua soda kwa meno zamani, ndo imepindisha mizizi?

Hahaha hapana. Mzizi ukishakomaa hauwezi kupinda, ni kitu kigumu, utavunjika au utapasuka lakini hautajikunja. Unapinda wakati unajengwa tu. Mzizi wa jino la kudumu unamalizika kama miaka miwili mitatu baada ya jino kutokeza, baada ya hapo umbo limeshafungwa. Sasa hiyo ya kufungua soda iache lakini, kuna kijana alikuja na kipande cha jino la mbele kwenye karatasi ya chapati, mzizi ulikuwa mzima na mnyoofu, kilichokatika ni kile cha juu. Muwa, mifupa, kusaga meno usiku, vyote hivyo havimo kwenye kesi hii.

Basi inasababishwa na nini?

Mara nyingi hakuna sababu unayoweza kuishika mkononi. Kichipukizi cha jino kilikuwa kimekaa vibaya toka mwanzo, au kilikosa nafasi, au kulikuwa na kitu njiani, kivimbe cha maji, jino la ziada, jino la utoto lililogoma kutoka, mzizi ukazunguka. Yapo magonjwa machache ya kuzaliwa nayo ambayo huja na mizizi ya hivi, lakini ni machache kweli, usianze kujichunguza.

Sababu tunayoielewa vizuri ni kuumia utotoni, na hiyo ni ya meno ya mbele. Jino la utoto la mbele na kichipukizi cha jino la kudumu wanakaa chumba kimoja, mmoja juu ya mwingine, ukuta wa katikati mwembamba sana. Mtoto wa miaka miwili mitatu minne anaanguka kwenye ngazi au kwenye sakafu ya marumaru iliyomwagika maji, jino la utoto linasukumwa juu ndani ya ufizi, linakwenda kumgonga mwenzake aliye laini bado. Sehemu iliyokwisha kujengwa inageuka, iliyobaki inaendelea kujengwa kwa mwelekeo wa zamani, na hapo ndo kona inazaliwa. Ila msipaniki, watoto wanaoanguka ni wengi mno na wanaoishia na mzizi uliopinda ni wachache sana.

Mtoto wangu wa miaka 2 ameanguka jino limeingia ndani ya ufizi lote, nifanye nini?? Mama mkwe anasema livutwe

Mama, usilivute, na mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba asilivute. Kuvuta ndo kunaweza kumuumiza zaidi yule aliye ndani. Safisha damu kwa kitambaa safi, weka kitu cha baridi nje ya mdomo, mpeleke kwa daktari wa meno aangalie limeelekea wapi. Mengi ya meno ya utoto yaliyoingia ndani yanashuka yenyewe ndani ya miezi sita, mengine mpaka mwaka. Na kama jino la utoto limetoka kabisa likaanguka chini, hilo halirudishwi. La kudumu likitoka ndo linarudishwa haraka sana, ukishindwa lichovye kwenye maziwa kimbia kliniki, usilisugue.

Alafu weka tarehe kwenye simu. Meno mawili ya katikati ya juu hutoka miaka 7 au 8. Moja likishatoka na miezi sita ikapita mwenzake hajaonekana, hiyo ndo siku ya eksirei, usisubiri afike miaka kumi na mbili mkisema litakuja.

Na meno ya plastiki je? Yanahusiana?

Kwa wasiojua: kuna imani huku kwetu, Tanzania, Uganda, Kenya, kwamba mtoto mchanga akiharisha au kupata homa ni kwa sababu ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", anapelekwa kwa mtu anachanwa ufizi na kutolewa vile vitu vyeupe laini. Vile vyeupe ni chonge za utoto zenyewe, hazijakomaa, ndo mana zinaonekana kama plastiki. Siwezi kuwa mpole hapa. Kifaa mara nyingi kichafu, mtoto anatoka damu, anapata maambukizi, wengine wamekufa, na kuharisha kulikokuwepo kunabaki palepale hakujatibiwa.

Sasa kuhusu swali: vichipukizi vya chonge za kudumu viko jirani pale, na wembe hauchagui. Wale watoto wakikua tunakuta chonge ya kudumu haipo, au ipo imeharibika umbo, au imekaa sipo. Si kila mzizi uliopinda ni wembe, mingi siyo, lakini kijana akija na chonge ya ajabu nikamuuliza mama yake taratibu, mara nyingine mama anainamisha kichwa.

Meno ya utoto nayo mizizi inapinda?

Kwa nadra sana. Mizizi ya magego ya utoto imetanuka kama miguu ya stuli, hiyo ni kawaida yake, inapakata kichipukizi kilicho katikati.

Nimeambiwa nifanyiwe ruti kano na mzizi umepinda. Itafaa au ning'oe tu?

Swali la hela hili, najua. Ngoja nieleze kazi yenyewe ili uamue.

Ruti kano ni kuusafisha mfereji ulio ndani ya mzizi mpaka karibu na ncha, tunatumia vipini vyembamba vya chuma tunaviita faili, vidogo kabisa ni vyembamba kuliko sindano ya cherehani. Kwenye mfereji ulionyooka unashuka kama ndoo kisimani. Kwenye kona, chuma kinataka kwenda mbele moja kwa moja na mfereji unataka kugeuka, ukilazimisha yanatokea matatu: unachimba ngazi kwenye ukuta wa kona na baada ya hapo hushuki tena, au unatoboa ukuta unatokea kwenye mfupa, au faili inakatikia ndani. Tunapima pia ukali wa kona ya mfereji, kuna mtindo wa mwaka 1971 wa Schneider unaotumika mpaka leo, nyuzi 5 kushuka chini ni mnyoofu, 10 mpaka 20 ni wastani, 25 mpaka 70 ni kali. Mimi nikiona kali namwambia mgonjwa kabisa, ndugu yangu hapa tutakaa.

Kilichotusaidia sana ni faili za nikeli na titani, wazo lilitoka kwenye waya za kunyoosha meno, mwaka 1988 wakajaribu kutengenezea faili, na chuma chake unaweza kukikunja kikarudi chenyewe, kwahiyo kinafuata kona badala ya kupigana nayo. Hata hivyo unaanza na faili ndogo ya chuma cha kawaida uliyoikunja ncha kwa kidole kidogo tu, unaingia unatafuta njia kama mtu anayepapasa swichi gizani, unatoa, unafuta, unamwagia dawa, unaingia tena. Ukisikia daktari amenyamaza kimya dakika kumi ujue yuko kwenye kona, usimsemeshe.

Kwahiyo inafaa? Mingi inafaa, ndiyo, kwa mtu mwenye uvumilivu na vifaa. Muulize daktari wako kwa adabu kama anaona ataiweza mwenyewe au akupeleke kwa bingwa wa mizizi, daktari mzuri hatachukia. Na kama jino limeoza mpaka hakuna cha kujengea juu, mzizi uwe umepinda au umenyooka, pesa yako utakuwa umezika.

Faili ilikatikia ndani, daktari kaniambia, nimshtaki?

Amekuambia, hiyo tu ni alama nzuri. Kukatika kunatokea hata kwa wazoefu na kwenye kona ndo kunatokea zaidi. Kipande chenyewe hakina sumu, shida ni uchafu uliobaki chini yake. Kama ilikatika mwisho mwisho baada ya kusafisha, jino linaweza kukaa miaka mingi bila neno. Mingine inatolewa kwa hadubini, mingine inapitwa pembeni, mingine inaachwa na kufuatiliwa kwa picha.

Kung'oa jino lenye mzizi uliopinda kunauma zaidi?

Ganzi ikishika hauumii, unasikia kusukumwa tu. Tofauti ni muda na ugumu. Umewahi kung'oa muhogo kwenye udongo mkavu? Ule ulionyooka unatoka, ule uliokata kona chini unakatikia palepale na unabaki umeshika nusu. Jino ni hivyohivyo, mfupa umelizunguka, ukivuta juu ile ndoana ya chini imeshika. Ndo mana tunatikisa taratibu kwanza, na tukiona kwenye picha kona ni kali hatuvuti kabisa, tunakata jino vipande viwili au vitatu, kila kipande kinatoka kwa njia yake, ikibidi tunapunguza mfupa kidogo, alafu nyuzi mbili tatu za kushona.

Nakumbuka baba mmoja mtu mzima alikuja asubuhi shavu limejaa, alishavutwa sehemu fulani siku mbili kabla, sitaji wapi, bila picha, saa nzima, jino likakatika akaambiwa "imebaki kidogo itatoka yenyewe". Tulipompiga eksirei mizizi yote miwili ya gego la chini ilikuwa imegeukia nyuma kama mkono wa kikombe. Nilivyomaliza nikaisuuza nikaiweka kwenye shashi mbele yake, akaitazama muda mrefu akasema "kumbe hii ndo ilikuwa imeshikilia". Picha moja ingemwokolea siku mbili za homa. Kwahiyo ukienda kung'oa gego, hasa la mwisho, omba eksirei kwanza, usione aibu.

Kipande cha ncha kikibaki ndani lazima kitolewe?

Si lazima kila mara. Kikiwa kidogo, hakina usaha, na kiko karibu na mshipa wa fahamu au karibu na uwazi wa pua kwa meno ya juu, kukifukua kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kukiacha. Daktari akuambie, aandike kwenye faili lako (hili la karatasi sasa), na upigwe picha baadaye. Kisiwe siri tu.

Mdomo wa chini umekufa ganzi baada ya kung'olewa gego la mwisho, wiki ya pili hii

Rudi kwa aliyekung'oa leo, si kesho. Mizizi ya gego lile inakaa jirani na mshipa wa fahamu wa taya la chini, na ikiwa imepinda mingine inauzunguka kabisa, mshipa ukivutwa au ukibanwa mdomo na kidevu vinakufa ganzi. Wengi hisia zinarudi baada ya wiki kadhaa au miezi, wachache hazirudi zote, na inatakiwa uchorewe na kupimwa eneo mapema ili ijulikane inapungua au la. Kwa wenye hatari hiyo kuna njia ya kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi mahali pake kwa makusudi, si uzembe, uliza kabla.

Nataka kuweka waya (bresi), mizizi iliyopinda inazuia?

Haizuii, inapunguza mwendo. Jino likisukumwa na waya, mzizi uliopinda una hatari zaidi ya kuliwa ncha ukawa mfupi, kwahiyo anayekuwekea atumie nguvu ndogo na akupige picha katikati ya safari, si mwanzo na mwisho tu. Akianza bila picha yoyote mwulize kwa nini.

Kuna wale watoto wa jino la mbele lililogoma kutoka kwa sababu ya kona. Tunafungua ufizi, tunabandika kidude na kijicheni, alafu linavutwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kona ikiwa karibu na ncha na mtoto akiwahi, linashuka. Kona ikiwa kali na mzizi umeshakomaa, mara nyingine linang'olewa na nafasi inatunzwa.

Kuna dawa au mazoezi ya kunyoosha mzizi? Nimeona video

Hakuna. Waya hunyoosha jino lilivyokaa, siyo umbo la mzizi. Mafuta ya karafuu yanatuliza maumivu kidogo kwa muda, mzizi haujui hata kama yamepita.

Kama nina jino moja la hivi, niangaliwe na mengine?

Kama unapigwa picha ya mdomo mzima kwa shughuli nyingine yataonekana yenyewe. Kwenda kutafuta kwa makusudi wakati huumwi na huna mpango wa kung'oa wala kuweka waya, mi naona ni kupoteza hela. Ila lile moja ulilokwisha kuambiwa, likumbuke, piga picha ya eksirei yako kwa simu ukae nayo, maana siku ukiumwa ukiwa Mwanza au Mombasa saa mbili usiku, yule daktari ataanza kazi akijua kona iko wapi.

Naweza kuondoka na jino langu nikamwoneshe mke wangu?

Chukua, lako. Hili ndo swali la mwisho karibu kila nikimaliza kutoa la ndoana, lililonyooka halina mteja. Lisuuze, lifunge kwenye shashi, likikauka halinuki. Bibi yangu alikuwa anasema jino litupwe juu ya bati, ila lile alikuwa anaongelea ya utoto.